Nani Atangulie? Utu na Uchaguzi Wakati wa Maafa

Katika mila za watu wetu ni machache yanayotukuzwa kama kumwauni aliye taabuni. Mtu akianguka njiani, apitaye humwinua. Nyumba ikishika moto, jirani hutoka na ndoo yake bila kuuliza kabila wala dini ya mwenye nyumba. Na mgonjwa, kama walivyonena wahenga, haulizwi uji. Desturi hizi tumezirithi, tunazifundisha shuleni, na tunajivunia kwamba ndizo msingi wa utu wetu. Lakini zote zina sharti moja ambalo aghalabu hatulitaji, kwa kuwa katika maisha ya kila siku halina haja ya kutajwa: kwamba mwenye shida awe mmoja na wasaidizi wawe wengi. Je, mambo yakipinduka? Wenye shida wakiwa mia na msaidizi akiwa mmoja, utu humwamuru afanye nini? Amwendee nani kwanza, na kwa haki gani ampite mwingine ambaye naye anavuja damu?

Hilo ndilo swali tunalokusudia kulichunguza katika makala haya. Si swali la waganga na wauguzi peke yao. Madaktari wana kanuni zao, lakini kanuni zinazoamua nani aishi haziwezi kuwa siri ya wataalamu. Ni sehemu ya utamaduni wa taifa, na taifa halina budi kuzijua, kuzijadili na kuzikubali. Rai yetu ni kwamba kuwapanga majeruhi si kinyume cha utu, bali ni tendo la utu lenyewe, ilimradi masharti matatu yatimizwe. Kwanza, kanuni iwe moja kwa wote. Pili, anayewekwa kando asitupwe. Tatu, jamii nzima iwe imejiandaa mapema, ili wanaowekwa kando wawe wachache kadiri iwezekanavyo.

Tuutazame kwanza mkasa uliotupata wenyewe, maana mjadala wa maadili usiokuwa na mfano huelea hewani. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, 1998, saa nne na nusu za asubuhi zilipokuwa zimepita kidogo, lori lililosheheni baruti lililipuliwa nyuma ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Karibu wakati huo huo lori jingine lililipuliwa nje ya ubalozi wa nchi hiyo hiyo mjini Dar es Salaam. Katika Dar es Salaam watu 11 walikufa na wengine 85 wakajeruhiwa. Katika Nairobi watu 213 walipoteza maisha, 12 miongoni mwao wakiwa Wamarekani na walio wengi wakiwa wananchi wa Kenya. Majeruhi walizidi 4,000. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Tena kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mlio wa guruneti, na watu waliokuwa maofisini wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini. Mlipuko wa pili uliwakuta hapo, na vioo vikawachana nyuso. Wengi walipoteza macho yao kwa sababu hiyo.

Waliotangulia kuwasaidia majeruhi wa Nairobi walikuwa wapita njia. Wachukuzi, makarani, wanafunzi na wauza magazeti walichakura kifusi kwa mikono mitupu. Matatu, teksi, mabasi na magari ya watu binafsi yaligeuzwa kuwa magari ya wagonjwa, na katika vituo vya kutolea damu watu walipanga foleni kuwapa damu yao wasiowajua hata kwa sura. Haya ni mambo ya kujivunia, na yeyote atakayeandika historia ya utu katika Afrika Mashariki hana budi kuyataja.

Hata hivyo yafaa tuseme kweli yote. Wema usio na mpango una upofu wake. Waliochunguza mikasa ya namna hii katika nchi mbalimbali wameona kwamba wanaowahi hospitali aghalabu si walioumia zaidi, bali ni wale wanaoweza kutembea, au wale waliokuwa karibu na barabara, au wale ambao vilio vyao vilisikika. Hospitali iliyo karibu hufurika watu wenye michubuko na mikato. Na anapofikishwa yule ambaye damu inavujia tumboni bila kuonekana, vitanda vimekwisha kujaa na mikono ya madaktari imekwisha kushikwa na kazi. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila msaidizi alitenda wema kwa aliyekuwa mbele yake, na jumla ya wema huo wote ikawa ni udhalimu kwa aliyekuwa kimya.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Apigaye kelele ana pumzi ya kupigia kelele. Anayetembea ana damu ya kutosha kumwezesha kusimama. Aliye karibu zaidi na kifo ni yule aliyenyamaza, ambaye midomo yake imepauka, ambaye hamwiti mtu. Huruma yetu ya kawaida huongozwa na sikio na jicho: humfuata anayelia na kumkimbilia mwenye damu nyingi usoni. Katika siku za amani huruma hiyo haina madhara makubwa, kwa kuwa hata yule wa pili atafikiwa baada ya kitambo. Katika siku ya maafa kitambo hicho ndicho uhai wenyewe. Kwa hiyo huruma haina budi kufundishwa kutazama pasipo na sauti.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyozaa utaratibu wa kuwapanga majeruhi. Neno linalotumiwa na madaktari wa dunia limetoka katika Kifaransa, na zamani lilitumika kwa kuchambua sufu na buni za kahawa. Aliyeufanya uchambuzi huo kuwa kanuni ya haki ni Dominique-Jean Larrey, mpasuaji mkuu katika jeshi la Napoleon. Katika vita vya mwanzoni mwa karne ya 19 alishikilia kwamba mwenye jeraha la hatari zaidi ndiye atakayetangulia kutibiwa, bila kutazama cheo chake. Afisa mwenye jeraha dogo angoje. Askari wa chini atangulie iwapo ndiye aliye hatarini, na hata adui aliyeanguka asinyimwe zamu yake. Tukumbuke kwamba hayo yalisemwa ndani ya jeshi la mfalme, mahali ambapo kila kitu kingine, tangu chakula hata kaburi, kiligawanywa kwa cheo. Mnamo mwaka 1846 tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, John Wilson, aliongeza hoja iliyo nzito zaidi: ili waokolewe wale ambao tiba inaweza kuwaokoa, hapana budi wangoje wale wenye majeraha mepesi, na wangoje pia wale ambao majeraha yao hayana tumaini.

Leo kanuni hizo zimefupishwa ili ziweze kutumiwa hata na kijana aliyepata mafunzo ya siku chache. Utaratibu mmoja unaojulikana sana ulitungwa Newport Beach, California, mwaka 1983. Mwokoaji hupaza sauti kwanza na kuwaambia wote wanaoweza kutembea waende mahali fulani. Hao hupewa kadi ya kijani. Kisha humwendea kila aliyebaki, na kwa kila mmoja hatumii zaidi ya dakika moja. Anapumua? Ikiwa hapumui, humfungua njia ya hewa kwa kukiweka kichwa sawa. Asipopumua hata baada ya hapo, hupewa kadi nyeusi na mwokoaji huendelea mbele. Akipumua kwa kasi inayozidi mara 30 kwa dakika, au mpigo wa damu usiposikika katika kifundo cha mkono, au akishindwa kufuata agizo jepesi kama vile kufumba macho, hupewa kadi nyekundu: huyu ndiye wa kwanza kuchukuliwa. Waliosalia hupewa ya manjano. Katika mzunguko huo mwokoaji haruhusiwi kukaa na kumtibu mtu mmoja. Afanye mambo mawili tu, kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayobubujika, kisha asonge.

Msomaji atakayeyatafakari maelezo hayo bila moyo wake kushtuka kidogo hajayaelewa. Tunaambiwa tumpite mtu. Tunaambiwa tumwekee kadi nyeusi na kuendelea. Hapana shaka kwamba mila zetu zina pingamizi za kutoa, na ni haki tuzisikilize moja baada ya nyingine.

Pingamizi ya kwanza ni ya heshima. Jamii zetu zina taratibu zake za kutanguliza: mzee hutangulia kijana, mgeni hutangulia mwenyeji. Je, kanuni isiyotambua mvi si kanuni ya kigeni? Tunajibu kwamba heshima ya mzee huonekana katika mambo ambayo kungoja hakuna gharama isipokuwa subira. Kijana anapompisha mzee kiti, hapotezi kitu kisichorudi. Lakini katika zile dakika za kwanza baada ya mlipuko, kumpisha mtu ni kumpa uhai wako au wa mwenzako. Isitoshe, wazee wenyewe hawakuitafsiri heshima kwa namna hiyo. Njaa ilipoingia nyumbani, mzazi aliyestahili jina hilo alikula baada ya wanawe. Nani katika wazee wetu, akiwa na mkono uliovunjika, angekubali achukuliwe kabla ya mtoto anayekata roho? Na ikiwa yeye asingekubali, basi anayemtanguliza kwa kisingizio cha heshima anamvunjia heshima.

Pingamizi ya pili ni ya ujamaa wa damu, nayo ni kali zaidi. Damu ni nzito kuliko maji. Mtu akimwona nduguye chini ya kifusi, ni nani atakayemlaumu kwa kumkimbilia? Sisi hatumlaumu. Mpita njia anayemwokoa nduguye ametimiza wajibu wake wa asili. Ila mtu akishavaa kizibao cha uokoaji, akashika kadi na bandeji zilizonunuliwa kwa fedha za umma, amekuwa mkono wa watu wote. Hakimu anapoletewa kesi ya mwanawe, hujiondoa na kumwachia mwenzake. Mwokoaji naye, akimkuta nduguye, amwite mwenzake ampime, na yeye apokee kwa mwenzake majeruhi mwingine. Kwa njia hiyo undugu haudharauliwi, wala haugeuzwi kuwa mlango wa upendeleo. Tunalisisitiza jambo hili kwa kuwa tunaijua tabia ya kutafutiana njia za nyuma katika foleni za siku za kawaida. Na tabia iliyozoewa siku za kawaida haitoweki siku ya maafa.

Pingamizi ya tatu inahusu adui. Je, mshambuliaji naye apewe zamu? Mkasa wa Nairobi ulilijibu swali hili. Mmoja wa waliohusika na shambulio lile alijeruhiwa, akatibiwa hospitalini mjini humo kama majeruhi wengine, kisha akakamatwa siku chache baadaye. Mwaka 2001 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha maisha. Waliomtibu hawakumjua. Lakini hata wangalimjua, tunaamini kwamba wasingekuwa na haki ya kumnyima zamu yake. Daktari anayehukumu kwa kisu cha upasuaji ameinyang'anya mahakama kazi yake na ameiacha yake. Siku tutakapowaruhusu waganga kupima hatia kabla ya kupima jeraha, hatutaweza kuwazuia wasipime kabila, chama na dini.

Pingamizi ya nne ndiyo ya mwisho na ndiyo ya ndani kabisa. Uhai na mauti, husemwa, si mali ya binadamu. Basi ni nani aliyempa kijana mwenye kadi mamlaka ya kuchagua? Tunaiheshimu pingamizi hii, kwa kuwa inatukinga na kiburi. Lakini asiyechagua naye amechagua. Anayesema kwamba hatachagua, kisha akamhudumia aliye karibu naye mpaka amalize, ameuacha uchaguzi ufanywe na umbali. Anayemfuata anayelia ameuacha ufanywe na sauti. Vitu hivyo si Mungu, wala havina haki. Tofauti baina ya mwenye kanuni na asiye na kanuni si kwamba mmoja anachagua na mwingine hachagui. Ni kwamba mmoja anaweza kuulizwa sababu akaitoa mbele ya watu, na mwingine hana jibu.

Tukifika hapo tunaweza kudhani kwamba mjadala umekwisha: kanuni ni hesabu, na hesabu ni kuokoa wengi. Wako wanafalsafa wanaofundisha hivyo. La hasha! Hapa ndipo ilipo hatari ya pili, na hapa ndipo utamaduni wetu una neno la kusema. Mwanamke anayechambua mchele juu ya ungo hutenga chuya na kuzitupa, wala hana deni nazo. Majeruhi hawana chuya. Aliyepewa kadi nyeusi hajageuka kuwa kitu kwa sababu tumeshindwa kumwokoa. Kadi inasema habari za uwezo wetu wa saa hiyo, haisemi habari za thamani yake. Ndiyo maana kadi si hukumu ya mwisho: majeruhi hupimwa tena na tena, na msaada ukiongezeka yule aliyewekwa kando hurudiwa. Chama cha Madaktari Duniani kililitambua jambo hili katika tamko lake la mwaka 1994, lililopitishwa Stockholm. Tamko hilo linakubali kwamba si kosa kutoshughulika kwa kila hali na mtu ambaye msaada wa wakati huo hauwezi kumwokoa. Lakini linadai aonyeshwe huruma, alindiwe heshima yake na apewe dawa za kumtuliza maumivu.

Madai hayo si mageni kwetu. Katika desturi zetu nyingi, kumwacha mtu afe peke yake ni aibu inayowapata wote waliokuwapo. Mgonjwa mahututi hukaliwa. Hushikwa mkono, hulowanishwa midomo, husomewa au huombewa kulingana na imani yake, na huitwa kwa jina lake. Mambo hayo hayahitaji mpasuaji wala mashine. Yanahitaji mtu. Katika uwanja wa maafa watu wa namna hiyo hawakosekani, kwa kuwa miongoni mwa wenye kadi za kijani na wapita njia wamo wengi wanaotaka kusaidia wasijue wafanye nini. Kwa nini wasipewe kazi hiyo?

Wananchi wa Nairobi waliijua kazi hiyo. Chini ya kifusi cha jengo la Ufundi alikuwamo mwanamke aliyenaswa, ambaye waokoaji walizungumza naye kwa siku kadhaa huku wakichimba. Taifa zima lilifuatilia habari zake. Walipomfikia alikuwa amekwisha fariki. Kwa hesabu tupu mtu angeweza kusema kwamba maneno yale yote hayakuzaa kitu. Sisi tunasema kwamba yalizaa kitu ambacho hesabu haikiandiki: mtu yule hakuwa peke yake gizani. Na taifa lililosikiliza habari zake lilijifunza kwamba asiyeweza kuokolewa bado ni mwenzetu.

Sasa tuliendee sharti la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Tumezoea kuzitazama rangi za kadi kana kwamba zimo mwilini mwa majeruhi. Sivyo hasa. Mtu mmoja mwenye jeraha lile lile anaweza kuwa mwekundu mahali pamoja na mweusi mahali pengine. Palipo na damu ya kutosha, machela, wapasuaji na barabara iliyo wazi, yeye ni wa kuokolewa. Palipokosekana hayo, yeye ni wa kupitwa. Kwa hiyo sehemu ya uchaguzi ule mchungu haifanywi siku ya mlipuko. Ilikwisha fanywa miaka mingi nyuma, siku bajeti ilipopitishwa, siku mafunzo yalipoahirishwa, siku bohari ya dawa ilipoachwa tupu. Yule kijana mwenye kadi anausoma tu uamuzi uliokwisha kuandikwa na wengine, ingawa machozi ni yake.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini pekee. Tarehe 22 Mei, 2017, bomu lililipuliwa katika ukumbi wa tamasha mjini Manchester, Uingereza, likaua watu 22. Nchi ile haikukosa magari ya wagonjwa wala madaktari. Lakini tume ya uchunguzi, katika taarifa yake ya mwaka 2022, ilionyesha kwamba vyombo vya uokoaji havikuwasiliana ipasavyo, kwamba zimamoto walichukua zaidi ya saa mbili kufika mahali pa tukio, na kwamba mmoja wa waliokufa yamkini angepona kama angepata huduma mapema. Mali bila mazoezi ya pamoja haikutosha.

Kwetu zimechukuliwa hatua ambazo yafaa zitajwe. Miaka michache baada ya mkasa wa 1998 Kenya iliunda huduma ya kitaifa ya damu salama. Mwezi Januari 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na mwaka huo huo madaktari wakaanza kusomea fani hiyo hapa hapa nchini. Mwaka 2010 pia Katiba mpya ya Kenya, katika ibara ya 43, ilitamka kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Na magaidi walipoliteka jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi mwezi Septemba 2013, wakaua watu 67, ukumbi wa jumuiya ya Oshwal uliokuwa jirani uligeuzwa kuwa kituo cha kupokea majeruhi na waliookolewa. Mifano hii inaonyesha kwamba maandalizi yanaweza kuwa sheria, yanaweza kuwa chuo, na yanaweza kuwa mlango wa ukumbi uliofunguliwa kwa wakati.

Wako watakaotujibu kwa methali: ajali haina kinga. Tunaikubali methali hiyo kama faraja kwa aliyefiwa. Hatuikubali kama udhuru wa aliyezembea. Ajali yaweza kukosa kinga, lakini vifo vinavyoifuata mara nyingi vina kinga. Watu wa pwani wana dhana inayofaa zaidi hapa, nayo ni ile ya faradhi ya kutoshelezana, yaani fardhi kifaya. Maiti akiwapo mtaani, wakitokea wachache wakamwosha na kumzika, mtaa wote umesalimika. Asipotokea hata mmoja, mtaa wote una dhambi. Kama jamii yetu imeweza kulibeba jukumu la wafu kwa namna hiyo, haishindwi kulibeba jukumu la walio hai wanaokaribia kufa. Si lazima kila mtu awe mwokoaji. Ni lazima kila mtaa, kila shule na kila kiwanda kiwe na wachache wanaojua, na sisi wengine tuwe tumehakikisha kwamba wapo.

Linasalia jambo moja ambalo aghalabu husahaulika. Baada ya siku ile, yule aliyempita mtu hurudi nyumbani kwake na sura ya aliyempita. Akiachwa peke yake, atajiona muuaji. Jamii iliyoikubali kanuni kabla ya maafa inaweza kumwambia kwa haki: hukuchagua wewe, tulichagua sote; ulichokibeba kilikuwa chetu. Jamii ambayo haikujadili kitu, ikangoja mpaka damu imwagike, haina maneno hayo ya kumwambia. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusisitiza kwamba jambo hili lizungumzwe hadharani. Kanuni iliyofichwa humtwika mtu mmoja mzigo wa taifa.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wasiliache somo hili kwa walimu wa baiolojia pekee. Mwanafunzi wa sekondari aweza kufundishwa katika muda wa kipindi kimoja jinsi ya kukandamiza jeraha linalobubujika damu na jinsi ya kumlaza asiyejitambua ili apumue. Ajifunze pia kwamba akisikia mlipuko asikimbilie dirishani. Lakini pamoja na hayo apewe nafasi ya kubishana na wenzake juu ya yale tuliyoyajadili: mzee na mtoto, ndugu na mgeni, mwenye hatia na asiye na hatia, anayelia na aliyenyamaza. Wabishane sasa, wakiwa wameketi, hakuna anayevuja damu, na mwalimu ana wakati wa kumsikiliza kila mmoja. Tunatumaini kwamba maarifa hayo hayatahitajika kamwe. Ikiwa yatahitajika, aliyefundishwa hivyo atamwendea kwanza yule ambaye hakumwita, na atakapolazimika kumpita mtu, atamtafutia wa kumshika mkono.